Kwa nini raha ya peke yangu hainikolei? (Kisa cha taksi iliyotufia Mabira)

#1 MpandaTaksi
Habari za jioni wana baraza.

Nina swali limenikaa kichwani wiki mbili sasa. Mimi nauza vipuri Kiseka hapa Kampala, nalala Kireka, sijaoa. Mwezi uliopita nilipata dili moja nzuri ya injini. Nikasema safari hii sitaki mtu, sitaki kamati, sitaki "bosi tuwekee soda". Raha nitajipa mwenyewe. Jumamosi nikaenda Jinja, nikachukua gesti ya maana, nikala samaki mzima. Asubuhi nikakodi boti peke yangu kwenda pale chanzo cha Nile. Mwenye boti ananionyesha ndege, ananionyesha maji yanavyobubujika kutoka chini, mimi ni "sawa, sawa". Nilipiga picha kama arobaini. Baada ya nusu saa nikawa nimemaliza raha yote, nimekaa naangalia saa.

Sasa kurudi. Taksi, yaani matatu, ikatufia katikati ya msitu wa Mabira, mvua inamwaga, tuko watu kumi na wanne na kuku watatu. Mwanzoni ni matusi tu, kila mtu na kondakta. Halafu mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa Kiganda, taratibu kabisa, kwamba kuku wake nao walilipa nauli, kwa hiyo kama pesa zinarudishwa wasisahauliwe. Basi, gari zima likaangua kicheko, na tangu hapo hakikukatika. Tukisukuma tunacheka, tukiteleza kwenye tope tunacheka. Tulisukuma hadi Namawojjolo, tukanunua gonja (ndizi za kuchoma) na nyama za vijiti, mwanajeshi mmoja aliyekuwa likizo akatuimbisha nyimbo za mchakamchaka. Nilishuka Kireka saa nne usiku, viatu tope tupu, nacheka barabarani kama kichaa.

Swali langu: ile raha niliyoilipia mbona sikuiona, na siku niliyoharibikiwa ndiyo naikumbuka? Na namba ya simu ya mtu hata mmoja sikuchukua.

#2 Kachori256
Kwanza tuambie, kuku walirudishiwa nauli?

#3 BusiaKwetu
Ndugu, hakuna fumbo hapo. Ulikuwa umelowa, una njaa, una hofu ya kulala msituni. Gonja ikaja, ukapata nafuu. Mtu aliyevua kiatu kinachombana anasikia raha kuliko aliyevaa kiatu cha laki tano. Ungekaa saa mbili zaidi kwenye ile mvua ungerudi kwenye matusi.

#4 Mzee wa Njeru
Samahani nirekebishe. Huwezi kusukuma gari kutoka Mabira hadi Namawojjolo, mngefika kesho yake. Katikati hapo kuna Lugazi yote. Mliponunua gonja ni Najjembe, soko liko msituni hapohapo. Namawojjolo iko mbele, ukikaribia Mukono.

Jambo la pili. Unasema ulikuwa peke yako kwenye boti. Mwenye boti si mtu? Wale vijana wana hadithi za kutosha, na wengine wazee wao waliyaona maporomoko ya Ripon kabla hayajazamishwa na bwawa la Owen, lile lililofunguliwa 1954. Ungemuuliza hata jina.

#5 MpandaTaksi
Kweli mzee, ni Najjembe. Wauza kuku wanavyokimbilia dirishani wanafanana kote. Na jina lake sikuuliza. Hapo umenishika.

@Kachori256 subiri, nitakuja kwenye kuku.

#6 Dada Nesi
@BusiaKwetu nafuu ipo, sikatai, ila haitoshi. Mimi nakaa Kansanga, chumba changu kinatazamana na baa. Mnakumbuka baa zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa tarehe 24 Januari 2022, karibu miaka miwili. Sinywi pombe, na kabla ya hapo nilikuwa nalaani ule muziki kila nikitoka zamu ya usiku.

Usiku ule walipofungua niliamka saa tisa kwa kelele. Nikachungulia. Chini getini kasimama jirani yangu, mama mlokole ambaye kila mwaka anakusanya sahihi za kuishtaki ile baa. Kajifunga kitenge, anasikiliza, mguu unapiga mdundo. Aliponiona dirishani akasema, "Nesi, nilidhani wamekufa wote."

Yeye hakuwa na njaa, wala hakuwa amelowa. Raha haikuwa yake hata kidogo, ilikuwa ya walevi. Lakini alishuka ngazi kuja kuipokea. Hiyo nielezeni.

(Wiki iliyofuata alianza tena kukusanya sahihi.)

#7 Daktari Mtarajiwa
Niko mwaka wa nne wa udaktari, niweke la kisayansi kidogo. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi ya kuchunguza kicheko, aliwapa wanafunzi madaftari waandike kila wanapocheka. Ikaonekana mtu akiwa na wenzake anacheka karibu mara 30 zaidi ya akiwa peke yake bila kitabu wala televisheni. Kicheko kwa sehemu kubwa hakitokani na kichekesho. Ni ishara ya mtu kwa mtu.

Halafu Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walitoa utafiti 2012. Waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawapima wanavumilia maumivu kiasi gani, kwa mfano kwa kuwabana mkono na mkanda wa presha au kuwafunga kitu cha baridi kali. Waliocheka kwelikweli walivumilia zaidi. Wanadhani ni endofini, ile kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Kwa hiyo ndugu MpandaTaksi ulikuwa umeleweshwa na mwili wako mwenyewe pale Najjembe.

#8 Kachori256
Kwa hiyo nikija hospitali kwenu nianze kwa kutekenywa ndipo nidungwe sindano?

#9 Daktari Mtarajiwa
Ukija wewe tutadunga kwanza.

#10 Mtu wa Mutukula
Mnasahau la hapa jirani kwetu. 1962, shule ya wasichana Kashasha, mkoa wa Kagera, wanafunzi walianza kucheka, furaha ikaambukiza shule nzima, ikaenda vijijini, wakacheka miezi. Furaha ni kama mafua, ukikaa karibu unaipata. Ndicho kilichotokea kwenye taksi.

#11 Daktari Mtarajiwa
Mkuu, mwaka na mahali ni sahihi, ila furaha haikuwepo. Ilianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu, ikawapata 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi. Walikuwa wanacheka na kulia, wengine wanakimbia ovyo, hawawezi kutulia darasani. Madaktari walioandika habari zake waliiona ni mshituko wa kundi. Kicheko kiliambukiza, ndiyo. Furaha ndiyo iliyokosekana.

#12 Mtu wa Mutukula
Bibi yangu alinisimulia tofauti, lakini bibi pia alikuwa anacheka sana. Sawa.

#13 Mwalimu Mstaafu
Salaam. Tatizo la uzi huu ni la msamiati. Mmechanganya vitu vitatu.

Raha ni ya mwili: kiti kizuri, samaki, upepo wa ziwani. Hiyo unaweza kuinunua, na ndiyo inayosemwa "raha jipe mwenyewe". Furaha inakaa moyoni na haina duka. Shangwe ni furaha iliyotoka nje ikapata sauti. Na shangwe ya mtu mmoja haipo katika Kiswahili. Ukimwona mtu peke yake anafanya shangwe, unamwita ndugu zake waje wamchukue.

Kwa hiyo kijana alikwenda Jinja kununua raha, akaipata, haki yake imetimia. Kule Mabira akakutana na shangwe. Asilaumu boti kwa kutokuuza kitu ambacho haikutangaza. Na wazee walisema kizuri kula na nduguyo. Hawakusema kibaya.

#14 Kachori256
Mwalimu, na Nyege Nyege iko kundi gani?

#15 Mtu wa Mutukula
Hahaha! Hapo Waganda mmetuua. Nilikuwa nafanya kazi Jinja, nikampigia mama Bukoba kumwambia wikiendi nakwenda Nyege Nyege na wenzangu wa ofisini. Simu ilikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hata kama ni kweli, mambo hayo mama haambiwi." Jioni baba mdogo akanipigia kuniuliza kama kazi bado ninayo.

#16 Mzee wa Njeru
Kwa wageni: kwa Kiganda neno hilo halina aibu. Ni ule mwasho wa ghafla wa kutaka kucheza ngoma. Tamasha lilianza 2015 hapa kwetu kando ya Nile. 2018 waziri wa maadili wa wakati ule, Simon Lokodo, alitaka kulizuia, mwishowe likaendelea. 2022 Bunge nalo likalijadili, likafanyika Itanda. Mimi sijawahi kuingia, tiketi ni ya watu wenye magoti. Lakini siku zile hata muuza roleksi (chapati ya mayai) wa hapa steji anaimba.

#17 Msimamizi
Neno hilo limeshaeleweka. Tuliache hapo kabla watoto hawajatoka shule.

#18 Chungu cha Teso
Yoga (ndiyo salamu yetu Wateso), ndugu zangu. Mwalimu kasema furaha haina duka. Kwetu ina chungu.

Wasioijua malwa: ni pombe ya ulezi, inawekwa chunguni, inamiminiwa maji ya moto, mnakaa duara, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija ni wako, chungu ni cha wote. Marehemu babu alikuwa na sheria zake. Hupulizi ndani. Hunywi umesimama. Huchungulii chungu kuona kilichobaki. Ukitoka kwenda haja, mrija wako unashikiwa na jirani yako, si unaulaza tu chini. Kwa hiyo lazima uwe unaelewana na jirani.

Nimelifikiria sana hili kwa sababu baada ya kuhamia Kampala nilijaribu kujitengenezea kachungu kadogo chumbani, nikae natazama mpira. Haikuwa tamu. Maji ya moto ni yale yale, ulezi mke wangu aliuleta kutoka Soroti. Shida ni urefu wa mrija. Umetengenezwa ili ukae mbali na chungu, na ukikaa mbali na chungu unatazamana na nani? Na huwezi kunywa haraka. Unavuta kidogo, mtu anasimulia, unacheka, unavuta. Mchana mzima unakwisha hujalewa.

Kwa hiyo jibu langu: boti ilikupeleka haraka mno. Gari bovu lilikupa saa mbili.

#19 Fundi Saa
Mimi nasoma tu nyuzi, leo nijibu. Niko Mbarara, natengeneza saa. Raha yangu ni chai, redio ndogo na simu imezimwa, Jumapili mchana. Miaka ishirini sasa. Nikienda kwenye sherehe narudi nimechoka kama niliyebeba matofali. Mnavyoandika hapa ni kama watu wa aina yangu tuna ugonjwa.

Someni tena #1. Kijana anasema alicheka barabarani Kireka, saa nne usiku, viatu tope. Alikuwa na nani pale? Hakuna. Wote walishashuka. Ile sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo tamu kuliko zote, aliila peke yake. Hamjaiona.

#20 Dada Nesi
Fundi! Hiyo nimeipita mara tatu sikuiona.

#21 Chungu cha Teso
Aliila peke yake lakini alipikiwa na watu kumi na watatu.

#22 Fundi Saa
Chai yangu nayo imechumwa na watu. Si kwamba naishi mwezini.

#23 BusiaKwetu
Nirudi. Niliambiwa nafuu haitoshi, sawa, nina nyingine. Kwenye ile taksi hakukuwa na daftari.

Mnajua mikutano ya harusi ya hapa Uganda. Kila wiki mnakutana bustani ya hoteli fulani, mnakunywa soda, mwenyekiti anasoma majina: fulani ameahidi laki mbili, ametoa hamsini. Kuna kwanjula ya kutambulishana ukweni, kuna kasiki ya mkesha wa kuaga ujana, kuna harusi yenyewe. Nimechangia harusi saba kwa miaka minne. Ya sita nilikopa. Zote nilivaa suti, nikacheza, nikapigwa picha. Kwenye kila moja nilikuwa napiga hesabu kichwani: huyu alinichangia? Huyu nitamdai lini? Zamu yangu ilipofika niligawa kadi themanini na kitu. Sitaki kusema zilirudi ngapi.

Usiku wa deni haukawii kucha. Mnasema shiriki furaha na wenzio, na wenzio wana kalamu. Mama wa kuku hakujui, hatakudai, hatakuja na kadi kesho. Ndiyo maana ulicheka vizuri. Hata namba hukuchukua, na nadhani ulijua unachofanya.

#24 Mama Doluka
BusiaKwetu mwanangu, pole kwa hizo kadi, lakini hapo umepotoka.

Mimi Mnubi wa Bombo. Binti yangu alipoolewa, wanawake wa mtaa walikuja siku tatu kabla, huyu na unga wa gurusa, mkate wetu, huyu na mafuta, huyu na mikono yake tu. Daftari lipo, tena kali kuliko lako, maana liko kichwani na halipotei. Nani alikuja, nani alisema mgongo unamuuma. Usiku doluka, ngoma yetu, ikapigwa, na mwenye mgongo naye akaonekana uwanjani, mgongo umepona. Tukamcheka mpaka leo. Deni ndilo linalomrudisha mtu mlangoni kwako. Mtu asiyekudai kitu atakuja kufanya nini?

Nikwambie siri ya sherehe. Waliokaa kwenye hema wanapepea na programu, wanangoja chakula. Kicheko kiko nyuma ya nyumba, saa nane za usiku, wanaosugua masufuria. Huko ndiko zinakosemwa habari zote. Mimi hata kwenye harusi za watu wakubwa huwa natafuta njia ya kwenda nyuma.

Sasa mtazame kijana wetu. Kwenye boti alikaa kama bwana harusi. Mabira alisukuma gari.

#25 MpandaTaksi
Mama, hii ya masufuria imenigonga. Nimeisoma kwa sauti hapa dukani, vijana wamesema niwasugulie na mimi vipuri.

#26 Damu ya Cranes
Nyote mnazunguka. Tarehe 4 Septemba 2016, Namboole, Uganda moja Komoro bila, bao la Farouk Miya. Tumefuzu AFCON mara ya kwanza tangu 1976. Kipenga cha mwisho nilimkumbatia askari polisi, mwenye fimbo yake, naye akanikumbatia. Watu wazima wanalia. Nilitembea kwa miguu na umati, simu nimeibiwa sijui saa ngapi, na nilipogundua sikuumia. Nilisema aliyeichukua naye ni shabiki. Sijui endofini, sijui deni. Nchi nzima ilipata mtoto siku moja.

#27 Mzee wa Njeru
Tangu 1978, si 1976. Ile ya 1978 tulifika fainali Accra, Ghana wakatufunga mbili. Niliisikiliza redioni. Kwa hiyo mlingoja miaka 38, na wengine wetu tulingoja yote.

#28 Damu ya Cranes
1978, nimekubali. Mzee wewe ni makumbusho.

#29 Bodaboda wa Usiku
Niseme kidogo tu, si kuharibu uzi. Julai 11, 2010 nilikuwa Kabalagala, mtaa wa pili kutoka pale. Fainali ya Kombe la Dunia, watu wamekaa pamoja wanaangalia mpira, mabomu yakalipuka, pale na kwenye uwanja wa Kyadondo. Walikufa zaidi ya 70. Sitasimulia niliyobeba.

Ninachokumbuka ni miezi iliyofuata. Wengi tuliogopa kukaa kwenye umati. Unaangalia mechi nyumbani, sauti ndogo. Bao likiingia unasikia jirani mmoja anapiga kelele hapa, mwingine kule, kila mtu ndani kwake amefunga mlango. Hao walikuwa wanafurahia bao lile lile kwa dakika ile ile. Kusikiliza kule kulinisumbua kuliko kimya.

Nilirudi kwenye kibanda cha mpira 2012. Nilikaa karibu na mlango. Bado nakaa karibu na mlango.

#30 Dada Nesi
Pole sana kaka.

#31 Mama Doluka
Mungu awarehemu. Na wewe akulinde barabarani.

#32 Kijana wa Nakivale
Jambo kwenu. Bodaboda katuambia kibanda, nami niko na habari ya kibanda. Mimi Mkongomani, niko hapa makazi ya wakimbizi Nakivale mwaka wa tisa. Tuko na chumba cha video, mabati, mabenchi, jenereta. Kampala mnao viijei wenu wanaotafsiri filamu kwa Kiganda, wanaweka na mambo yao. Huku tuko na kijana mmoja anafanya kwa Kiswahili, kipaza sauti mkononi, filamu inatembea. Jambazi wa Marekani anaingia benki, yeye anasema, "Huyu amekuja kuuliza mgao wake wa mahindi, jina halionekani kwenye listi." Watu wanaanguka kwenye mabenchi. Wamama ambao siku hiyo hiyo walikuwa kwenye foleni na jina halikuonekana, ndio wanacheka zaidi.

Filamu ile niko nayo kwenye simu. Nikiitazama peke yangu usiku ni ya huzuni mwanzo mpaka mwisho, yule jambazi anakufa vibaya. Sasa ni filamu gani ya kweli? Hilo sijapata.

#33 Mwalimu Mstaafu
Kijana, andika zaidi katika baraza hili.

#34 Ustadh K
Kwa ufupi. Mtume (s.a.w.) amesema tabasamu lako mbele ya ndugu yako ni sadaka. Sadaka haitolewi kwa kioo.

#35 Damu ya Cranes
Na kwetu Warumi 12:15, furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao. Kumbe ni amri, si ushauri.

#36 Fundi Saa
Marko naye anasema Yesu aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo watu. Nawakumbusha tu.

#37 Nalongo wa Luweero
Nimesoma yote na kuna kitu hakuna aliyekigusa.

Mimi Muganda. Kwetu Luweero, miaka ya vita mwanzoni mwa themanini, nilikuwa mdogo. Kiswahili kikisikika nje usiku, mama alikuwa anatuziba midomo kwa kiganja. Kilikuwa lugha ya bunduki na ya "fungua mlango". Hata sasa kinafundishwa shuleni, na serikali 2022 ilikipitisha kuwa lugha rasmi, wapo wazee wa kwetu ambao shingo inakakamaa wakikisikia. Mimi nilijifunza ukubwani, Eldoret, nikiuza vitenge. Mara ya kwanza kucheka kwa Kiswahili nilishituka. Nilikuwa sijui kwamba kinachekwa.

Kwa hiyo ninyi mnaongea gonja na endofini, mimi nimebaki kwenye mstari mmoja: mwanajeshi, usiku, msituni, anaimba mchakamchaka kwa Kiswahili, na taksi imejaa Waganda, nao wanaitikia. @MpandaTaksi, yule mama wa kuku alikuwa na umri gani?

#38 MpandaTaksi
Nalongo, kama sitini na kitu hivi.

Sikuandika hili mwanzoni kwa sababu sikuona uzito wake. Yule askari alikuwa amekaa kimya pembeni na mzigo wake, hakuna anayemsemesha. Ni yeye mama aliyemwambia aimbe. Alimwambia kwa Kiswahili kibovu sana, "Wewe naimba, mimi nasikiaga." Askari akasema hajui nyimbo. Mama akasema, "Mimi najua wewe najua."

#39 Nalongo wa Luweero
Banange.

#40 BusiaKwetu
Hapo sina nafuu wala daftari la kuweka. Napita.

#41 MpandaTaksi
Niwape marejesho. Baada ya kusoma maneno yenu, Jumapili iliyopita nikasema nijaribu tena, safari hii na watu. Nikachukua marafiki watatu, tukaenda Jinja, nikakodi boti ile ile. Mmoja alikuwa kwenye simu kutoka daraja jipya mpaka kurudi. Wa pili aligombana na mke wake kwa ujumbe wa sauti, tukasikia sote. Wa tatu, tukiwa katikati ya maji ambapo siwezi kukimbia, akaniomba mkopo.

Lakini nilimuuliza mwenye boti jina lake. Jina la babu yake pia. Alituambia babu alikuwa anavua chini ya maporomoko kabla hayajazama, na kwamba bibi yake mpaka anakufa alikuwa akilalamika kuwa usiku umekuwa kimya mno, halali vizuri. Hapo wote watatu waliweka simu chini. Kama dakika tano hivi. Kisha mkopo ukarudi.

Kwa hiyo sijui. Watu walikuwepo, saa zilikuwepo, sikusukuma kitu.

#42 Chungu cha Teso
Dakika tano si haba. Kuna vikao vya malwa nimekaa kutwa sikupata hata mbili.

#43 Mama Doluka
Kosa lako ni kuwaalika. Ungewaomba wakusaidie kuhamisha injini, ndipo baadaye mle.

#44 Daktari Mtarajiwa
Na huwezi kuipanga. Ukienda kuitafuta unakuwa unajipima kila saa, "je, nafurahi?" Ni kama kujipima presha ukiwa unapanda ngazi.

#45 Mama Doluka
Harusi inapangwa mwaka mzima, daktari, na tunacheka. Uliza vizuri.

#46 Damu ya Cranes
Tufanye hivi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukutane Najjembe wana baraza wote. Kila mtu gonja yake. Nani ana gari?

#47 Mtu wa Mutukula
Mimi nina Hiace. Ila nilishaitengeneza, iko nzima kabisa.

#48 Mzee wa Njeru
Basi itabidi tuitoe pumzi wenyewe. Nitakuja, mradi nisisukume. Nitashika mwavuli.

#49 BusiaKwetu
Kuna mchango?

#50 Mama Doluka
Upo. Na nitaandika.

#51 Fundi Saa
Mimi sitakuja, lakini mkirudi andikeni. Nitasoma Jumapili na chai.

#52 MpandaTaksi
@Kachori256 sijakusahau. Kondakta alimrudishia mama elfu mbili ya kuku mmoja. Wa pili akasema alikuwa mdogo, alibebwa mapajani. Wa tatu kesi bado inaendelea, maana alitaga ndani ya gari na kondakta anadai yai ni mali ya taksi.

#53 Kachori256
Hatimaye! Siku kumi nafungua uzi huu kwa ajili ya kuku tu. Yai lilikwenda kwa nani?